Mpira wa Mlango wa Nne

Agosti, Kizota. Upepo umeamka kabla yetu,
unakimbiza mifuko mitupu ya saruji nje ya gereji.
Pijo la marehemu baba limesimama bila milango,
mzee aliyevuliwa koti na wauguzi,
hajui mikono aiweke wapi.

Mpira wa zamani hautoki kwa heshima.
Unakatikakatika, unaacha meno kwenye bati.
Ndahani anaukwangua kwa bisibisi butu,
mimi nafuata na kitambaa chenye petroli,
na chini yake, ndani ya mfereji usiozidi kidole cha mtoto,
ndiko safari zilikojificha:
udongo mwekundu wa Kondoa,
tope la Bahi lililokauka likawa unga,
punje tatu za uwele,
na kibanio cha nywele ambacho dada alikililia
kutoka Dodoma mpaka Manyoni,
mwaka ule baba alipohamishiwa huko kufundisha hesabu.

"Haya tuyapeleke makumbusho?" Ndahani anauliza.
Nasema pulizia.
Kompresa inapita mara moja tu.
Nafumba macho. Ni vumbi, lazima nifumbe.

Mpira mpya ulikuja kwa basi kutoka Dar,
umejiviringa kwenye boksi kama nyoka aliyeshiba,
unanuka duka.
Una adabu zake.
Huanzii juu; unaanzia chini, maungio yasikoonekana.
Gundi unapaka huku na huku, kisha unasubiri
mpaka inang'ang'ania kidole bila kukichafua.
Na kwenye kona, huvuti.
Ukivuta leo utakubali;
kesho, jua la saa saba, utarudi kwenye kimo chake
nawe utakuta pengo la kupitisha mende.
Unausukuma kwa dole gumba, kidogo, kidogo,
unavyomlisha mgonjwa asiyetaka.

Mlango wa dereva ukakataa kufunga.
Tukasukuma kwa mikono, tukasukuma kwa nyonga.
Wahenga walishasema yao juu ya ufa na ukuta;
hawakusema kitu juu ya mlango usio na ufa kabisa,
hewa ya ndani haina pa kutokea.
Ndahani akashusha kioo vidole viwili.
Bup.
Akabana noti ya elfu mbili kati ya mpira na fremu,
akafunga, akaivuta. Noti ikagoma.
"Hapo," akasema, "hata umbea haupiti."

Ila mlango wa nyuma, kushoto,
mpira ulipungua shubiri moja.
Ndahani alitaka kuunga kipande. Nikamwambia acha,
turudishe ule mkongwe, tungoje basi lingine.

Nilipolifikisha nyumbani, Area C,
mama alikuwa uani anapepeta.
Miaka ishirini na sita alimjua mumewe kwa mlango ule:
ka-cha, halafu ka-cha ya pili,
kwani ya kwanza haikuwahi kushika.
Akisikia ya pili, ndipo anasonga ugali.
Nikafunga mara moja. Bup.
Ungo haukusimama.
"Gari la nani hilo?" akauliza, bila kugeuka.

Jumapili tukaenda Mpwapwa.
Ndani kulikuwa kimya, hata nikasikia
saa ya mkononi ya mama ikitembea.
Yeye ameshika mkoba magotini,
amekaa kama mtu aliyepewa lifti.
Upepo ukapapasa mlango wangu, ukakosa;
ukazunguka kwake, ukakosa.
Tulipoiacha Mbande nyuma yetu ndipo ulipopapata,
kwenye mpira mkongwe, penye kiti changu cha utoto,
ukaanza ule mluzi wake wa sauti moja,
na uzi mwembamba wa vumbi
ukaingia, ukakaa kwenye kiti, hauna haraka.

Mama akageuza shingo.
Akakitazama kile kiti kitupu kwa muda,
akavuta khanga puani.

"Enhe," akasema. "Sasa ndilo."

Mabasi mangapi yameshafika kutoka Dar tangu siku ile.
Ndahani ameacha kuniuliza.